Usivute Mapema

Wanachuo wenzangu, naomba nianze kwa kukiri jambo. Hadi Julai mwaka jana nilikuwa sijawahi kushika ndoano. Nimezaliwa Temeke, nimekulia Temeke, na samaki nimemjua akiwa tayari kwenye karai la mafuta. Kwa hiyo ukisikia habari za madam wa TP aliyeonekana Jumamosi saa saba mchana amekaa juu ya gogo kando ya lambo huko Kisarawe, jua la utosi, ufito mkononi na ndoo tupu pembeni, usibishe. Ni mimi.

Chanzo ni video. Ilikuwa wiki ya mwisho ya mitihani, boom limeisha kitambo, na mimi nimejilaza hosteli natafuta kitu cha kunisahaulisha karatasi niliyotoka kuifanya. Nikakutana na Mzungu kasimama katikati ya mto, maji yamemfika mapajani, anarusha mshipi mrefu nyuma na mbele kama mtu anayechapa hewa kwa kiboko. Kwenye ncha ya mshipi hakuna chambo cha kuliwa. Kuna mdudu wa bandia, manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoano mpaka zikafanana na nzi. Samaki anayetafutwa anaitwa trauti. Video ilikuwa ya watu wanaoanza, ya dakika 40 hivi, na karibu muda wote hakuna samaki aliyevuliwa. Jamaa anatazama maji, anarusha, anakosa, anacheka, anatazama tena maji. Nikaiangalia yote.

Rafiki yangu wa kitanda cha juu akachungulia. "Yaani wewe una mtihani kesho, unaangalia mtu anayekosa samaki?"

"Nataka kujaribu," nikamwambia.

"Wapi sasa, Mto Msimbazi?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Trauti ni samaki wa maji ya baridi, safi, yanayokimbia. Afrika Mashariki hakuwepo. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakapandikizwa kwenye Mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya. Wazao wao bado wako kwenye mito ya milimani kule. Ukimleta huku kwetu Pwani, kwenye maji ya uvuguvugu, hawezi kuishi.

Lakini ndoano ni ndoano. Nina babu, mdogo wake babu mzaa mama, anayeishi kijiji kimoja kwenye barabara ya Kisarawe kwenda Maneromango. Nyumbani husemwa kwamba huyo mzee akipata nusu saa ya kupumzika shambani, anakwenda kuvua. Na mimi TP nilikuwa nimepangiwa Kibaha, nikae kwa shangazi. Nikapiga hesabu: wiki nane, Jumamosi nane. Nitakwenda siku moja moja, nikipata nafasi.

Kilichonipeleka haraka kuliko nilivyopanga ni darasa.

Nasoma ualimu, Jiografia na Kiswahili. Shuleni nikapewa Jiografia kidato cha pili, wanafunzi 61. Mada ilikuwa matumizi ya mabonde ya mito, na nilifurahi mno, kwa sababu Mto Ruvu uko pale pale. Unashuka kutoka milima ya Uluguru, unapita Mlandizi, unaingia Bahari ya Hindi upande wa Bagamoyo. Maji mengi ya bomba ya Dar es Salaam yanatoka humo, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwaka 2022 kina cha Ruvu kiliposhuka, jiji likaingia kwenye mgao, na sisi Temeke tukapanga foleni na madumu. Yaani somo lilikuwa limejiandaa lenyewe. Nikachora ramani ya rangi kwenye karatasi ya manila, nikaandika andalio la somo kwa mwandiko mzuri, nikasubiri wanafunzi wachangamke.

Hawakuchangamka. Nauliza swali, kimya. Wananitazama kwa adabu zote, daftari zimefunguliwa, kalamu mkononi, na hakuna anayefungua mdomo. Kimya kile kilikuwa kinaniunguza. Ili kisiendelee nikawa najibu mwenyewe, halafu nauliza, "Si ndiyo?" Darasa zima linaitika, "Yes, madam!" Ile sauti ya pamoja ikanidanganya kwamba ninafundisha.

Wiki ya tatu akaja Dokta kutoka chuo kuniasesi. Akakaa nyuma kipindi kizima na karatasi yake. Baadaye tukaenda chini ya mwembe. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mwalimu, nimehesabu. Umeuliza maswali 17. Umejibu mwenyewe 16."

"Na la 17, Dokta?"

"Kengele ililia."

Alama aliyonipa sitaitaja. Niseme tu kwamba nilikwenda kulia chooni, na choo cha walimu hakikuwa na komeo, kwa hiyo nililia huku nimeshikilia mlango.

Jumamosi yake nikapanda gari Maili Moja hadi Mbezi, Mbezi hadi Gongo la Mboto, Gongo la Mboto hadi Kisarawe. Tulipopita Pugu nikakumbuka kwamba Nyerere alifundisha hapo kabla ya kuacha kazi mwaka 1955, na watu wakaendelea kumwita Mwalimu maisha yake yote. Mimi wiki ya tatu tu nilikuwa natamani waniite jina lingine. Kutoka Kisarawe mjini nikachukua bodaboda, mikorosho na mihogo huku na huku, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Mbona umekonda? Hao wa Kibaha hawakulishi?"

Nikamwambia nataka anifundishe kuvua. Akatazama jua. Ilikuwa inakaribia saa tano. "Saa hizi? Wenye kuvua wamesharudi, wanakula." Nikamweleza kwamba alfajiri siwezi kufika na usiku siwezi kubaki, nina mchana tu. Akasema hata yeye usiku asingeniruhusu. Nilipotaja Ruvu ndiyo kabisa: "Mle mna mamba na viboko. Hawaulizi kama wewe ni mwalimu."

Tukaenda lamboni, bwawa dogo la kijiji lililochimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe. Aliniombea ruhusa kwa mwenyekiti kwa simu, kwa maneno haya: "Nina mgeni wangu hapa anataka kushinda juani."

Vifaa vya babu vyote havifiki bei ya chipsi yai. Ufito wa mwanzi. Mshipi wa nailoni wenye urefu kama wa ufito. Ndoano ndogo. Juu yake kidogo chubwi, ambayo kwa babu ni nati ya baiskeli. Juu zaidi boya, kipande cha ndala kilichokatwa duara na kutobolewa katikati. Chambo ni ugali wa dona wa jana, uliokandwa mpaka ukawa kama udongo wa mfinyanzi. Akanieleza kwamba kambale anapenda nyungunyungu, lakini kambale hutembea zaidi giza likiingia, anatafuta chini kwenye tope kwa sharubu zake. Wa mchana ni perege. Perege anatumia macho.

"Na kama anatumia macho," akasema, "na wewe anakuona. Kaa. Kivuli chako kisiguse maji. Na usikanyage chini kama unakwenda kudai deni."

Nikarusha. Mshipi ukanasa kwenye mkorosho. Nikarusha tena, ukanasa kwenye kanga yangu. Mara ya tatu ukaingia majini, boya likasimama wima, nikapiga kigelegele. Babu akasema hicho bado ni kipande cha ndala, si samaki.

Baada ya muda boya likatikisika. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ndoano ikaja tupu, chambo hakipo. Nikaweka kingine. Likatikisika, nikavuta, tupu. Nikawa napandisha na kushusha ule ufito kama mtu anayetwanga. Babu alikuwa ameegemea mti, kofia imemfunika macho, nikadhani amelala.

"Unamnyang'anya," akasema.

"Nani, babu?"

"Samaki. Anaonja yule. Anagusa kwa mdomo, anaacha, anazunguka, anarudi. Wewe akigusa tu unamnyang'anya. Usivute mapema. Ngoja boya lizame, au liondoke kwenda pembeni. Hapo ndiyo amekubali."

Nilikaa mpaka saa tisa. Samaki sifuri. Lakini kwenye gari la kurudi, nimebanwa dirishani na gunia la mtu, nikashtuka kama nimesahau simu. Maswali 17. Nimejibu mwenyewe 16. Nilikuwa nawanyang'anya.

Na ubaya ni kwamba jambo hili tulilisoma. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima katika miaka ya 1970 muda ambao mwalimu anasubiri baada ya kuuliza swali. Wengi walisubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wengi zaidi wakajibu, na wale wa "sijui" wakapungua. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani wetu wa mwaka wa pili na nililijibu vizuri. Niliujua utafiti wote, ila sikuwahi kuupeleka darasani.

Jumatatu nikaingia nimejiandaa kusubiri. Nikauliza kwa Kiingereza, taratibu: kwa nini Mto Ruvu ni muhimu kwa watu wa Dar es Salaam? Nikahesabu kimoyomoyo. Tatu. Tano. Nane. Hakuna mkono. Nikamnyooshea kidole kijana mmoja wa dawati la mwisho, mpole, sweta limeisha viwiko. Akasimama.

Nikasubiri. Kusema kweli nilikuwa najivunia kusubiri kwangu. Akafungua mdomo, neno la Kiingereza likamponyoka vibaya, darasa likaangua kicheko. Nami bado nikasubiri, kwa sababu utafiti unasema subiri. Akabaki amesimama, macho chini, anasugua ukingo wa dawati kwa kidole gumba. Sijui ilikuwa dakika moja au mbili. Mwishowe nikamwambia kaa.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Alhamisi nikamuuliza kiranja.

"Yuko kwao madam, bondeni. Amesema Jiografia haji tena."

Kwao ni wakulima wa mpunga kwenye bonde la Ruvu. Yaani katika wale 61, nilikuwa nimemsimamisha mtoto anayeujua ule mto kuliko ramani yangu, nikamfanya aonekane hajui kitu. Na kidato cha pili mnajua kuna upimaji wa taifa, ukishindwa unarudia darasa. Mtoto akianza kukwepa vipindi mwezi wa nane, hiyo ni njia inayojulikana inakokwenda. Mimi TP ikiisha narudi chuoni na alama zangu. Yeye anabaki.

Jumamosi nikarudi Kisarawe. Sikumwambia babu habari ya yule kijana, niliona aibu. Nikakaa kwenye gogo lile lile, nikarusha pale pale. Sasa sikuvuta. Nilitulia mpaka miguu ikafa ganzi. Saa moja, saa mbili. Boya halikutikisika hata mara moja.

Babu akaja na muhogo wa kuchoma. "Leo humnyang'anyi mtu. Lakini hapo unasubiri nini?"

"Samaki, babu. Si ulisema ningoje?"

"Nilisema mngoje samaki aliyegusa. Hapo hakuna aliyegusa. Hapo hakuna samaki."

Akanisimamisha nyuma kidogo ya ukingo, akaniambia nisitazame boya, nitazame maji. Pale nilipokuwa nimekaa maji yalikuwa mafupi, jua linapiga mpaka chini unaona mchanga. Perege gani akae hapo mchana? Wamekimbilia kivulini na kwenye kina. Upande wa pili kulikuwa na mkuyu ulioinamia maji. Tunda likidondoka, linafanya kiduara kimoja, halafu pembeni yake vinatokea viduara vingine vidogo vidogo. "Hivyo vidogo," babu akasema, "ndiyo wenyewe."

Tukahamia. Akapandisha boya juu kwenye mshipi ili chambo kishuke chini zaidi. Akalitazama tonge langu la ugali, akalibandua, akabakiza kama punje ya hindi. "Mdomo wa perege ndiyo huu," akanionyesha kwa ncha ya kidole. "Wewe unamlisha tonge la mkulima."

Hazikupita dakika kumi, boya likatikisika. Moyo ukanienda mbio, mkono nikauzuia. Likatulia. Likatikisika tena. Likazama. Nikavuta, na nikamwona, nakuapia nilimwona tumbo linang'aa juu ya maji, halafu akachomoka akarudi zake. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Babu alicheka hadi akakaa chini.

Ndipo ile video ikanirudia. Yule jamaa wa trauti, kabla ya kurusha chochote, alitumia muda mrefu kugeuza mawe ya mtoni na kutazama ni wadudu gani wako kwenye maji siku ile. Baada ya hapo ndipo akachagua nzi wake wa bandia anayefanana nao. Nilipoangalia hosteli nilidhani anachelewesha uvuvi. Kumbe ndiyo uvuvi wenyewe. Maji mengine kabisa, samaki mwingine kabisa, na babu yangu ambaye hajui kama kuna samaki anaitwa trauti anafanya vile vile.

Sisi tunahubiriwa subira tangu chekechea. Sasa nikaona kwamba subira peke yake ni kukaa tu. Darasani nilikuwa nimesubiri pasipo na samaki, na chambo kisichoingia mdomoni. Chambo chenyewe kilikuwa Kiingereza.

Nisieleweke vibaya. Sote tunaosoma ualimu tunaujua mjadala huu, na kwenye semina tunaupigia kelele mpaka tunachoka. Mtoto anasoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza, kila kitu kinageuka. Sera inasema sekondari ni Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, na shuleni kwangu ukutani kulikuwa na kibao kinachokataza lugha nyingine. Sikuwa na mpango wa kupigana na sera nikiwa nimebakiza wiki nne. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kumrudisha.

Jumatatu alikuja shule. Nilimkuta bombani wakati wa mapumziko.

"Siku ile nilikosea kukuacha umesimama vile," nikamwambia. "Naomba unisamehe."

Alinitazama kama nimemtangazia kwamba shule imefungwa. "Haina shida, madam."

"Huko bondeni maji yakoje mwaka huu?"

Basi akaongea. Akaniambia mto ukifurika unavyochukua mpunga, na unavyoacha tope jipya ambalo mwaka unaofuata linazaa. Akaniambia watu wanavyogombania maji mto ukipungua. Kengele ikalia, bado anaongea. Karibu kila alichosema kilikuwa kwenye andalio langu la somo, kwa maneno magumu zaidi.

Kuanzia hapo nikabadilisha utaratibu. Naandika swali ubaoni kwa Kiingereza. Natoa dakika mbili, wawili wawili, wazungumze kwa lugha yoyote. Nazunguka, nasikiliza, na yale maneno ninayoyasikia zaidi, mafuriko, tope, kumwagilia, nayaandika ubaoni kwa Kiingereza chake. Kila wawili wanatengeneza sentensi moja. Halafu nauliza. Halafu nasubiri.

Wiki ya saba, sina taarifa, Dokta akatokea dirishani. Nilikuwa nimemaliza kuandika swali: bwawa linalojengwa Kidunda, Morogoro, ili kudhibiti maji ya Ruvu, litawasaidia nani na litawagusa nani? Akaingia, akakaa nyuma, akatoa fomu.

Hapo, wanachuo wenzangu, nilipata kishawishi. Ningeweza kuendesha kipindi chote kwa Kiingereza safi, nikauliza vimaswali vyepesi, wakaitika "Yes, madam," na karatasi ikapendeza. Nilikuwa nahitaji alama zile kuliko kitu chochote. Nikamwangalia yule kijana wa dawati la mwisho. Alikuwa ananiangalia na yeye, anasubiri kuona nitafanya nini.

"Dakika mbili," nikasema. "Wawili wawili. Lugha yoyote."

Darasa likalipuka. Kiswahili kitupu, na Kizaramo ndani yake. Dokta akainamisha kichwa, akaandika.

Muda ukaisha. Nikauliza, nikanyamaza. Msichana mmoja wa mbele akanyanyua mkono hadi begani, akaushusha. Wiki ya tatu ningemrukia hapo hapo, ningemtaja jina, ningemjibia. Anaonja, nikajiambia. Ngoja. Akaunyanyua tena, akaongea. Kisha mwingine. Kisha mkono wa nyuma kabisa ukapanda, kiwiko cha sweta kimetoboka.

Alisema sentensi tatu za Kiingereza kilichovunjika. Kwamba mto ukifurika, kwao wanapoteza mpunga wa mwaka huu na wanapata udongo wa mwaka ujao. Kwamba bwawa litaleta maji Dar es Salaam, na hilo ni zuri. Kwamba watu wa bondeni nao wanataka kuulizwa. Hakuna aliyecheka. Hiyo ya mwisho sikuwa nimeifundisha.

Chini ya mwembe Dokta akafunga kalamu. "Leo sikuhesabu maswali. Nimehesabu waliojibu. Ni 11."

Nikashindwa kuficha meno.

"Lakini nimekukata kwenye lugha ya kufundishia. Kipengele kipo kwenye fomu, siwezi kukiruka. Na nikuulize, Mwalimu. Mtihani wao hauji kwa Kiswahili. Ukiwazoesha upande huu wa mto, nani atawavusha?"

Ni swali zuri na sikulidharau. Nilimjibu kwamba wote 11 mwishoni walijibu kwa Kiingereza. Akasema, "Nimesikia." Alama haikuwa A. Nimeikubali.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kurudi chuoni nilikwenda Kisarawe kuaga. Kivuli cha mkuyu, saa nane mchana, chambo kama punje ya hindi. Boya lilitikisika mara nne na mara zote nne nilitulia. Mara ya tano likaenda pembeni, taratibu, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Nikavuta. Perege, mkubwa kama kiganja changu, miiba ya mgongo imesimama. Aliniumiza kidole, na sikuhisi.

Tulimchoma pale pale kwa chumvi na ndimu, tukamla na muhogo. Babu alinipa upande wenye nyama, yeye akachukua kichwa.

"Basi sasa umejua kuvua?" akaniuliza.

"Bado, babu."

"Haya. Ukisema umejua, ujue umeanza kuvuta mapema."

Matokeo ya upimaji yalipotoka, mwalimu mwenzangu wa kule Kibaha alinitumia. Nilitafuta kwanza jina la dawati la mwisho. Amevuka, Jiografia ana C. Nilimpigia shangazi simu kwa furaha kana kwamba ni matokeo yangu.

Halafu nikasoma orodha yote, jina kwa jina, wale 61. Wanne wanarudia darasa. Nilikaa kitandani nikijaribu kuwakumbuka. Sura zao ninazo zote nne, na najua kila mmoja alikuwa anakaa wapi. Ila sauti zao sizikumbuki. Katika wiki nane zile hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunijibu swali, na mimi sikuwahi kwenda upande ule wa darasa kutazama maji.